Koili ya Maji Moto Inaganda: Kusaka Chanzo Kabla ya Kubonyeza Kitufe

Simu ya kwanza huja alfajiri. Mashine ya kuingiza hewa imezima, mtu wa zamu amebonyeza kitufe, imewaka, na baada ya robo saa imezima tena. Simu ya pili huja siku mbili tatu baadaye, mchana, baridi ikiwa imelegea: maji yanachuruzika kutoka darini. Mara nyingi simu ya pili ni mtoto wa ile ya kwanza. Kati ya hizo mbili kuna mtu aliyebonyeza kitufe mara ya tano bila kuuliza mashine inazima kwa nini.

Nimeandika haya kwa fundi anayehudumia mitambo ya hewa mahali ambapo hewa ya nje hushuka chini ya sifuri. Sehemu kubwa inahusu koili za maji moto, yaani safu za mirija inayopitisha maji moto ili kuipasha hewa. Koili za mvuke zina ugonjwa wao, nao utaukuta mbele. Nyuzi zote za joto ninazotaja ni za sentigredi.

Mrija haupasuki pale unapodhani

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Wengi huishia hapo, wakidhani barafu inautanua mrija mpaka unachanika mahali ilipo. Kwa kawaida mambo huenda hivi: barafu huanza kama kizibo katika sehemu moja ya mrija, kisha hurefuka. Maji ambayo hayajaganda yanabaki yamebanwa kati ya kizibo hicho na kizibo kingine, au kati yake na vali iliyofungwa. Maji hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo shinikizo linapanda hadi shaba inasalimu amri. Ndiyo maana ufa huonekana mara kwa mara kwenye zile kona zenye umbo la U pembeni mwa koili, mahali ambapo hata hukuona barafu.

Hapo pana jambo ambalo limewagharimu wengi. Koili iliyoganda haivuji, kwa sababu barafu yenyewe imeziba ufa. Ukiikuta kavu usishangilie. Ihesabu kuwa imepasuka mpaka uipime kwa shinikizo baada ya kuyeyuka.

Maswali matatu kabla ya kushika bisibisi

Je, feni ilikuwa inazunguka koili ilipoganda, au ilikuwa imezimwa? Vali ya maji moto ilikuwa wazi kiasi gani? Nje palikuwa na nyuzi ngapi? Ukipata majibu hayo kutoka kwenye kumbukumbu za mfumo wa udhibiti, au kwa mtu aliyekuwa zamu, umeshapunguza nusu ya kazi. Koili iliyoganda feni ikiwa imezimwa na koili iliyoganda katikati ya kazi ni wagonjwa wawili tofauti, na dawa ya mmoja haimsaidii mwenzake.

Dalili: feni inakatwa, lakini maji ya boila ni moto na vali iko wazi

Hii ndiyo inayosumbua zaidi. Fundi anashika bomba la kuingia, linaunguza. Anasoma sensa ya hewa mchanganyiko, inasema nyuzi 10. Anahitimisha kwamba themostati ya kinga, ile swichi inayozima feni ikihisi baridi ya kugandisha, imeharibika.

Fanya hesabu kwanza. Tuseme mashine inachukua asilimia 30 ya hewa kutoka nje, ambako ni nyuzi 15 chini ya sifuri, na asilimia 70 ni hewa inayorudi kutoka vyumbani ikiwa na nyuzi 21. Ukizidisha na kujumlisha unapata nyuzi 10 na kidogo. Kwenye karatasi hakuna hatari yoyote. Lakini hewa haisomi karatasi: ile ya baridi ni nzito, hutambaa chini ndani ya sanduku la mashine, na ile ya vuguvugu hupita juu. Mikondo hiyo miwili inaweza kufika kwenye koili ikiwa bado haijajuana. Nusu ya juu ya koili inapata nyuzi 20, safu za chini zinapigwa na hewa ya kugandisha, na sensa iliyowekwa katikati inasoma wastani ambao haupo mahali popote ndani ya sanduku.

Ukitaka kujua ukweli, pima. Gawanya uso wa koili kwa macho katika miraba tisa au kumi na miwili, kisha pima joto la hewa katika kila mraba, upande wa kuingilia, mashine ikiwa kazini. Tofauti ya nyuzi mbili tatu ni ya kawaida. Ukiona nyuzi 15 kati ya juu na chini, umempata mwizi.

Dawa ni kuilazimisha mikondo igongane. Wakati mwingine inatosha kugeuza mabapa ya dampa, yaani mlango unaofungua na kufunga njia ya hewa, ili hewa ya nje irushwe juu na hewa irudiyo irushwe chini, zikutane uso kwa uso. Pengine itabidi kufunga mabati ya kuikatisha hewa njia, au kifaa maalumu cha kuchanganyia, mradi kuna nafasi kati yake na koili. Ukiongeza mabati, angalia tena kiasi cha hewa, maana feni itakuwa imeongezewa mzigo.

Baada ya hapo ndipo uikague themostati yenyewe. Ile ya kawaida ina mrija mwembamba wa shaba wenye urefu wa karibu mita 6, uliojazwa gesi. Inafanya kazi kwa namna yake: haisomi wastani wa urefu wote, inasikiliza sehemu yenye baridi kuliko zote. Sentimita 30 hivi zikiguswa na baridi chini ya kiwango kilichowekwa, ambacho huwa kati ya nyuzi 3 na 5, inakata. Kwa hiyo mahali ulipopitishwa mrija huo ndipo penye maana yote. Unatakiwa uwe upande ambao hewa inatokea baada ya koili ya joto, umezungushwa kwenda na kurudi hadi ufunike uso mzima, na usikose pembe za chini. Nimeona mashine nyingi ambamo mita 4 za mrija zimekunjwa pembeni kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu aliyeufunga alichoka. Hapo kinga iko kwenye mchoro tu. Kwa koili kubwa themostati moja haitoshi. Funga mbili au zaidi.

Kinyume chake pia hutokea: mrija umegusa bati la sanduku au kiungio chenye baridi, nao unakata wakati koili haina neno. Na mrija ukitoboka gesi ikatoka, themostati nyingi za aina hii hukata na kukataa kurudi, kwa kuwa kwao shinikizo lililopotea ni sawa na baridi. Huo ni uundaji wa busara, usiulaumu.

Waya wa kuruka

Hapa nasimama kidogo. Fundi akishindwa kuona sababu, na bosi akitaka hewa sasa hivi, kinachofuata ni kipande cha waya kwenye vituo viwili vya themostati. Feni inazunguka, kila mtu anafurahi, na waya unasahaulika. Niliwahi kufungua kisanduku cha udhibiti katika jengo ambalo koili yake ilikuwa imepasuka mirija zaidi ya kumi, nikakuta waya wa namna hiyo umefungwa kwa utepe ambao ulikuwa umeshakauka na kubanduka. Hakuna aliyekumbuka uliwekwa lini. Kila siku ya baridi tangu hapo jengo lile lilikuwa likicheza kamari bila kujua.

Kama ni lazima mashine ifanye kazi kabla hujapata chanzo, punguza hewa ya nje hadi kiwango cha chini kabisa, fungua vali ya maji moto yote, na mtu akae pale. Usiikate kinga. Na kinga hiyo iunganishwe kwa waya moja kwa moja hadi kwenye saketi ya feni. Programu ya udhibiti ipate taarifa, ndiyo, lakini uamuzi wa kuzima usiitegemee: kompyuta ikikwama saa nane za usiku, baridi haitaisubiri.

Dalili: inakata asubuhi tu, inapowashwa

Usiku mzima feni ilikuwa imelala. Maji ndani ya koili yamepoa, bomba refu kutoka boila nalo limepoa. Saa kumi na mbili saa ya mtambo inatoa amri, na vyote vinaanza pamoja: dampa inafunguka, feni inapanda kasi, vali ndiyo kwanza inaanza kujivuta. Hewa inafika kabla ya joto.

Panga mwendo upya. Vali ifunguke kabisa na pampu izunguke kwanza. Subiri hadi bomba la kurudi kutoka kwenye koili lipate joto. Sensa ya bomba hilo ni ya bei ndogo na inaondoa kubahatisha. Ndipo dampa ifunguke, na feni ianze polepole. Vali irudishwe kwenye udhibiti wa kawaida hewa ikishatulia, tena kwa upole, maana ikifungwa ghafla unarudi ulikotoka. Wapo wanaotumia ujanja wa kuchelewesha themostati kwa dakika kadhaa wakati wa kuwasha. Siupendi. Dakika chache za hewa kali juu ya maji yaliyosimama zinatosha kugandisha mrija mwembamba.

Dalili: imeganda feni ikiwa imezimwa

Hewa ya baridi iliingia bila kusukumwa. Ingia ndani ya sanduku mchana, feni ikiwa imezimwa na kufungiwa umeme, dampa ya hewa ya nje ikiwa imefungwa. Zima taa. Ukiona mistari ya mwanga kwenye mabapa, huo ndio mlango. Mpira wa pembezoni umechakaa, bapa moja limepinda, au kiungo cha mota kimelegea kwenye mhimili: mota inazunguka nyuzi zake 90 kikamilifu, dampa inafuata nusu. Mota yenyewe iwe na springi ya kuifunga dampa umeme unapokatika. Isiyo na springi itaiacha wazi pale ilipokuwa, na usiku wa umeme kukatika ndio huohuo pampu zimesimama.

Kisha angalia feni za kutoa hewa. Kama feni ya vyooni au ya jikoni inaendelea kuvuta usiku huku ya kuingiza imelala, jengo linanyonya hewa kupitia kila upenyo, na upenyo mkubwa kuliko yote ni mashine yako. Katika majengo marefu, hewa ya moto inayopanda ndani hufanya kazi hiyohiyo bila feni yoyote.

Na maji je? Nje kukishuka hadi nyuzi 5 au chini, pampu ya koili izunguke hata feni ikiwa imezimwa, na vali ibaki wazi kidogo au ifuate sensa ya bomba la kurudi. Vali nayo ichaguliwe ile ambayo springi yake huifungua umeme ukikosekana. Ukikuta iliyofungwa kinyume, yaani inajifunga, badilisha hata kama haijaleta balaa bado.

Dalili: imeganda siku isiyo na baridi kali

Hii huwashangaza watu. Usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri ulipita salama, kisha koili ikaganda kwenye nyuzi 3 chini ya sifuri. Sababu ni kwamba siku ya baridi kali vali iko wazi na maji yanakwenda mbio. Siku ya baridi ya wastani hewa haihitaji joto jingi, vali ya njia mbili inajibana, na maji yanayopita yanakuwa machache kiasi kwamba yanatoa joto lake lote katika mirija ya mwanzo. Yanapofika mwisho wa koili yamekuwa kama maji ya kisima. Hewa ya nje inamaliza kazi.

Vali iliyo kubwa kupita kiasi inazidisha tatizo: haiwezi kutulia kwenye uwazi mdogo, inafunguka na kufungwa, na kila inapofungwa maji yanasimama. Tazama mchoro wa mwendo wake kwenye mfumo wa udhibiti. Ukiona meno ya msumeno, jibu unalo.

Suluhisho ninaloliamini kuliko yote ni kuipa koili pampu yake ndogo na vali ya njia tatu. Pampu inazungusha maji ndani ya koili kwa kasi ileile saa zote. Vali inaamua tu ni kiasi gani cha maji moto kiingizwe kwenye mzunguko huo. Joto la maji linabadilika, mwendo haubadiliki. Lakini pampu isiposimamiwa nayo ni hatari mpya. Weka swichi ya mtiririko au kipimo cha umeme wa mota yake, ili ikisimama feni isimame.

Katika koili ya kwanza kukutana na hewa ya nje, wapo pia wanaoingiza maji moto upande uleule hewa inakoingilia, ili maji yenye moto mkali yakutane na hewa yenye baridi kali. Unapoteza kidogo uwezo wa koili, unapata usalama. Kwa koili ya aina hiyo nakubaliana nao.

Dalili: baadhi ya mirija ni moto, mingine baridi

Hapa hakuna fumbo. Pitisha mkono au kipima joto kwenye kona za U, moja baada ya nyingine. Za juu zikiwa baridi, kuna hewa iliyonaswa: fungua kitoa hewa kilicho juu. Baridi ikiwa imetawanyika huku na huku, kuna uchafu. Anza na kichujio cha bomba la kuingia, maana mara nyingi hakijafunguliwa tangu mtambo ulipojengwa.

Dalili: kuna glikoli, na bado imeganda

Glikoli, kimiminika kinachochanganywa na maji ili yasigande upesi, ni kinga nzuri na ni kisingizio kizuri. Glikoli ya propilini kwa asilimia 30 ya ujazo huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri. Kwa asilimia 40, karibu na nyuzi 21 chini ya sifuri. Tatizo ni kwamba asilimia iliyotiwa mwaka wa kwanza siyo iliyomo leo. Kila uvujaji mdogo unajazwa na maji ya bomba kupitia vali ya kujijazia yenyewe, na mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi bila mtu kujua. Pima kwa refraktomita, kifaa kinachoonyesha ukali wa mchanganyiko, kila mwaka kabla ya baridi, kutoka kwenye koili yenyewe na wala siyo kwenye tangi tu. Funga ile vali ya kujijazia. Jaza kwa mkono, kwa mchanganyiko uliopimwa.

Glikoli iliyozimuliwa sana huleta balaa la pili: dawa za kuzuia kutu zinapungua nguvu, na bakteria wanaweza kuifanya chakula. Na usimimine glikoli ya magari; viungo vyake vimetengenezwa kwa injini. Kumbuka vilevile kwamba glikoli hubeba joto kidogo kuliko maji na ni nzito kusukuma, kwa hiyo koili na pampu vilivyokokotolewa kwa maji vitapungukiwa.

Koili za mvuke

Mtu anaweza kudhani mvuke hauwezi kuganda. Kinachoganda ni maji yaliyotokana nao, yakikosa kuondoka. Vali ya mvuke ikijibana siku ya baridi ya wastani, shinikizo ndani ya koili linashuka, na linaweza kushuka chini ya lile la hewa ya nje. Hapo hakuna cha kuyasukuma maji kupita kwenye mtego wa mvuke, kifaa kinachotoa maji na kuzuia mvuke. Yanajaa safu za chini, na hewa ya kugandisha inayakuta yamelala.

Angalia mambo haya kwa mpangilio: kivunja ombwe (vali ndogo inayoingiza hewa shinikizo la koili likishuka mno) kipo na hakijakwama, koili imeinamia upande wa kutolea maji, mtego wa mvuke uko chini vya kutosha ili uzito wa maji peke yake uyasukume, na bomba la kurudi halipandishwi juu baada ya mtego, maana bila shinikizo maji hayapandi mlima. Ikiwa yote hayo ni mazuri na bado inaganda, acha kubana vali hewa ya nje ikiwa karibu na sifuri. Iache wazi kabisa, na udhibiti joto kwa dampa zinazopitisha sehemu ya hewa pembeni mwa koili.

Kifaa cha kurudishia joto kinapojilinda chenyewe

Kwa ufupi: kwenye mashine zenye kifaa cha kuchukua joto la hewa inayotoka, kifaa hicho huota barafu, na ili kuiyeyusha hewa ya nje hupitishwa kwenye mchepuko. Ghafla koili iliyokuwa ikipokea hewa ya nyuzi 8 inapokea ya nyuzi 12 chini ya sifuri. Linganisha saa za kukatika na saa za kuyeyusha barafu. Zikilingana, vali ya koili ianze kufunguka kabla ya mchepuko, siyo baada.

Koili ikishaganda

Zima feni, funga dampa, funga vali za kutenga koili lakini fungua kitoa hewa na mfereji wa chini ili shinikizo lipate pa kutokea. Pasha chumba polepole. Usitumie moto wa gesi: utayeyusha viungio vya mirija na huenda ukatengeneza mvuke uliofungiwa. Ikishayeyuka, ijaze hewa iliyoshindiliwa kwa shinikizo la wastani, paka povu la sabuni kwenye kila kona ya U, na uangalie pia mrija uliovimba bila kutoboka. Huo utatoboka wiki ijayo. Mirija miwili mitatu inaweza kuchomelewa. Ikizidi hapo badilisha koili nzima, kwani iliyobaki imenyooshwa kuliko inavyoonekana.

Usidhani pia kwamba kufungua mfereji kunaikausha koili. Mirija ya usawa hulegea katikati na kushika maji. Koili ya maji baridi ya kiyoyozi, iliyo nyuma ya ile ya moto, huganda kwa sababu hii hasa. Ipulize kwa hewa mpaka isirushe tone, kisha uisafishe kwa glikoli na kuimwaga, ili kitakachobaki kiwe glikoli.

Kabla ya kurudisha mashine kazini, chukua ndoo ya maji yenye vipande vya barafu na uzamishe sentimita 40 hivi za mrija wa themostati. Feni isimame, dampa ijifunge kabisa, vali ya maji moto ifunguke, pampu izunguke, kengele ilie. Vikitokea vitano vyote, andika tarehe kwenye bati la mashine kwa kalamu isiyofutika. Kikikosekana kimoja, usiondoke.